Gia ya Jumapili

Wifi yangu hakai kitako. Ukimpa kiti anakifuta vumbi, ukimpa chai anainywa amesimama mlangoni, na sahani zilizooshwa anaziosha tena. Nimemwambia mara ngapi, "Wifi, tulia, unanipa kizunguzungu!" Naye hunijibu, "Nikitulia ndiyo kizunguzungu kitanishika mimi." Basi tunaishi hivyo, yeye kama kuku anayetafuta pa kutagia, mimi kama mwenye banda. Kazi yangu ni ya kukaa. Nashona nguo kwa cherehani ya miguu, sebuleni, chini ya dirisha, na kutoka hapo nasikia kila kinachopita kichochoroni.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka amefariki, huu mwaka wa tatu, lakini siwezi kusema "alikuwa mke wa kaka yangu", mdomo haukubali. Tumebaki wanawake watatu, Mama, wifi na mimi, na baiskeli. Baiskeli naihesabu kwa sababu humu ndani inaheshimiwa kuliko mimi. Inalala ukumbini, imefunikwa shuka safi. Mimi nikishikwa na mafua nafunikwa na maneno.

Sasa, hii si baiskeli kama ya kwako. Ya kwako ukichoka unaacha kukanyaga, inaserereka yenyewe, na wewe umekaa juu kama bwana mkubwa. Hii haina huruma hiyo. Sproketi ya nyuma, yaani kile kigurudumu cha chuma chenye meno kinachovutwa na mnyororo, imekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu yako imo humo humo, imefungwa mikanda. Mlimani unakanyaga. Mteremkoni unakanyaga. Ukijisahau ukasema ngoja nipumzishe miguu kidogo, inakurusha. Na gia ni moja tu, uliyotoka nayo nyumbani ndiyo utakayorudi nayo.

Watu huniuliza, nani mwenye akili timamu atapanda kitu hicho? Mimi nilikielewa tangu mwanzo, maana cherehani yangu ni ndugu yake. Nayo haitaki mguu unaositasita. Ukisitasita, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Ukibamiza mguu kwa hasira, sindano inavunjika. Unatakiwa kwenda nayo, kwa mdundo mmoja, hata kama kichwani una moto.

Kazi ya kaka ilikuwa kupeleka meno. Usicheke. Bondeni iko karakana inayotengeneza meno ya bandia, na juu mlimani ndiko ziliko kliniki. Kliniki wanachukua kipimo cha kinywa cha mgonjwa, kipimo kinateremka karakana, meno yakiwa tayari yanapanda. Katikati yupo mtu wa baiskeli mwenye boksi mgongoni. Na yule mgonjwa, huku nyuma, amekaa nyumbani kafunika mdomo kwa kitambaa, hataki hata mjukuu amwone. Kaka alikuwa akisema, "Mimi ndiye ninayewarudishia watu kicheko," na alikuwa halali mpaka boksi liwe tupu.

Wote walimwita Pangaboi. Miguu yake ikizunguka huioni, kama feni ya dari iliyofunguliwa mpaka mwisho. Nilikuwa namsikia kabla hajaingia kichochoroni, mnyororo unakuja kwa sauti moja laini, kama mimi nikipiga pindo refu la pazia. Kichochoro chetu kinateremka hadi getini, na yeye alikuwa mvivu wa kufungua mikanda ya miguu. Kwa hiyo Mama akisikia tu ile sauti, anaacha alichoshika, anakimbia kufungua geti na kupiga kelele: "Pita, pita, usije ukaniangukia!" Kila jioni. Ndiyo ilikuwa salamu yao, "shikamoo" ilikuja baadaye, akishapumua.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Mama. Pangaboi na wenzake walikuwa wakishindana kwenye barabara ndefu tambarare ya uwanjani, na Mama alibeba kigoda chake akaenda kukaa kando. Wenzake waliinama kuitazama sproketi ya nyuma, wakashika vichwa. "Meno kumi na tano! Kaka, gia nzito namna hii, na mlima ule unaupandaje?" Yeye alikuwa anacheka tu. Mama ndiye aliyejibu kwa niaba yake, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya uwanja: "Mwanangu hachoki! Anaupanda na hiyo hiyo, kila siku, hashuki. Mwanangu hachoki!" Habari hiyo aliipeleka sokoni, hospitali, msibani, kila mahali palipo na masikio.

Halafu Jumapili moja alirudi kutoka uwanjani na homa. Alikuwa na mazoea ya kuifuta baiskeli nyuma ya jiko, Jumamosi jioni na tena Jumapili jioni, peke yake, mikono inarudi imejaa grisi. Siku hiyo hakuifuta. Aliiegemeza ukutani, akaomba maji, akalala. Wiki haikuisha tukawa tumemzika.

Baada ya msiba Mama aliweka sheria moja. "Baiskeli ya mwanangu haiguswi na fundi. Hata skrubu. Alivyoiacha ndivyo itakavyokaa."

Wifi naye wakati huo alikuwa anafanya kazi pale pale karakana, anasugua meno yang'ae, amekaa kwenye stuli kutwa nzima. Alirudi kazini, akakaa kwenye stuli, akainuka. Akakaa, akainuka. Mwenye karakana akamwuliza kama amekalia msumari. Mwisho wifi akamwambia, "Nipe njia ya mume wangu." Watu wakadhani huzuni imempanda kichwani, lakini alijifunza ile baiskeli kwa kuanguka, magoti na viwiko vikiwa vimechubuka kama vya mtoto wa shule, na akaipata njia.

Nikamwuliza siku moja, "Wifi, unatafuta nini huko?"

"Juu ya baiskeli miguu haina ruhusa ya kusimama," akasema, huku anapanga upya viatu mlangoni. "Basi na kichwa kinanyamaza. Nikishuka tu, kinaanza tena."

Nilimpa vifungo avipange kwa rangi, angalau mikono ipate kazi.

Lakini sauti yake haikuwa ile. Yeye ni mwembamba, mfupi, na ile gia ni nzito. Mnyororo wake ulikuwa unakuja kwa vipande: unavuta, unanyamaza, unavuta, unanyamaza, kama mtu anayetwanga na amechoka. Mlimani alikuwa anasimama juu ya pedeli, mwili mzima unaegemea mguu mmoja hadi ushuke, kisha mwingine. Kila jioni alishuka getini, akalifungua mwenyewe, akaisukuma baiskeli ndani. Mama hakuinuka. Si kwa ubaya. Sauti ile haikumwambia kitu.

Kibaya zaidi, Mama alikuwa na neno lake. "Mwenzio miguu ilikuwa haionekani," alimwambia, kwa upole kabisa, huku anamenya vitunguu. Mama alikuwa anakumbuka tu, lakini wifi alisikia hukumu. Kesho yake alikanyaga kwa nguvu zaidi ili na yake isionekane, na kadiri alivyokanyaga kwa nguvu ndivyo ilivyozidi kuonekana.

Goti la kulia lilianza kuvimba. Alilificha chini ya sketi ndefu, lakini mimi ni mshonaji, najua nguo inavyoanguka. Nikamfunua kwa nguvu. Jamani! Limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Nilimburuta kwa daktari wa mifupa. Daktari alilikunja, akalikunjua, wifi akang'ata meno. "Unafanya kazi gani?" Akamwambia. "Gia yako nzito?" Nikamjibia mimi. Daktari akasema maneno machache tu. "Goti linaumizwa na uzito wa kila kanyago. Punguza uzito, weka gia nyepesi, uzungushe mguu haraka bila kusukuma. Au uache baiskeli kabisa. Ukiendelea hivi, goti litakuachisha lenyewe, na kutembea pia."

Njiani nilikuwa nahesabu moyoni itakuwaje. Mwanamke ambaye hawezi kumaliza kikombe cha chai amekaa, umkalishe kitandani na goti la kufungwa bandeji, siku zote, na kichwa chake kile. Nilimwona kabisa anavyosinyaa. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati wa homa ya kaka, maana ile hatukuijua, na hii tunaitazama inakuja.

Jioni, tukiwa mezani, nikalitoa. "Mama, daktari amesema gia ibadilishwe."

Mama akaweka kijiko chini. Kabla hajafungua mdomo, wifi akamtangulia. "Mimi ndiye sitaki."

"Hutaki nini? Goti?"

"Yeye aliiweza gia hii. Nikiweka gia nyepesi, ya wazee, nitakuwa napanda baiskeli nyingine. Sasa yeye nitakuwa nimemwacha wapi?"

"Umesikia," Mama akaniambia. "Mwenyewe hataki. Na mimi nilishasema, hata skrubu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nina ulimi mimi, sikatai. "Hivi nyie mna nini? Gia ni chuma! Kaka hayumo ndani ya chuma! Wifi atakatika mguu hapa mkimtazama, halafu mtamfunika na yeye shuka, mumweke ukumbini!"

Mama aliinuka akaenda chumbani. Wifi akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaanza kuziosha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nilikaa pale na kijiko changu nikiwa kama mwizi wa kijiko. Lakini sikulifuta neno hata moja, kwa sababu sikuona lililokuwa la uongo.

Siku zikaenda hivyo, nyumba nzima imenuna. Wifi akawa anafunga goti kwa kitambaa kabla hajatoka, analifungua kabla hajaingia, anadhani hatujui. Usiku namsikia anatembea ukumbini, hatua moja nzito, moja nyepesi. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema, na nikavuta blanketi.

Kilichotuokoa ni tairi. Baiskeli ya namna hii inakula tairi la nyuma, kwa sababu ukitaka kusimama ghafla unazuia pedeli na gurudumu linaburuzwa. Pancha wifi alikuwa anaziba mwenyewe bila hata kulitoa gurudumu, anachomoa tyubu ubavuni. Lakini adhuhuri moja, katikati ya mlima, tairi lilichanika kabisa likapasuka kwa kishindo. Yeye alikuwa amesimama juu ya pedeli, uzito wote uko kwenye goti bovu. Akaanguka ubavu, miguu imo mikandani, na boksi likafunguka. Basi meno yakatapakaa barabarani! Wapita njia wakainama kumwokotea, mmoja anasema, "Dada, haya ya juu au ya chini?" Alikuja nyumbani anachechemea, anaisukuma baiskeli, anacheka na kulia kwa pamoja. Meno yalikuwa mazima yote. Goti halikuwa zima.

Tairi jipya haliingii bila kutoa gurudumu, na nati za gurudumu lile zilikuwa zimeganda, mikono yetu sisi watatu haikuzitikisa. Mama alizunguka baiskeli mara kadhaa. Mwisho akasema, "Fundi atatoa tairi tu. Na mimi nitakaa pale pale nimtazame mikono."

Tukaenda wote watatu. Pale kwenye kona alikuwapo fundi mgeni, amefungua kibanda si muda mrefu, mtu mnene mwenye kijiti cha meno mdomoni, asiyemjua Pangaboi wala hadithi zake. Mama akatoa kigoda chake, kile kile cha Jumapili, akakiweka karibu kiasi kwamba fundi akigeuka anamgusa kwa kiwiko.

"Taratibu!" Mama akasema fundi alipoipindua baiskeli.

"Mama, sijaigusa bado."

"Hata kuipumulia, taratibu."

Fundi akanitazama, nikainua mabega. Akashika spana, akajikaza, nati zikalia, gurudumu likatoka. Akavua tairi lililokufa, akavisha jipya, akalijaza upepo. Yote yalikwenda salama, Mama akaanza hata kushusha pumzi. Fundi akalinyanyua gurudumu, akalishika mbele yetu kama mtu anayeuza tikiti.

"Haya. Nalirudisha upande upi?"

"Upande upi nini?" Mama akauliza. "Upande wake!"

"Lina pande mbili, mama. Hapa kulia kuna hii kumi na tano. Na huku, chini ya hiki kifuko, kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikadakia, nikijivuna kidogo. Kile kifuko cha ngozi, cha mviringo, chenye mpira wa kukaza, nilikishona mimi. Kaka aliniomba miaka mingi nyuma. "Ni cha kuzuia grisi isichafue suruali."

Fundi akakivuta kikatoka. Chini yake kulikuwa na meno. Sproketi nyingine, nzima, kubwa kuliko ile ya kulia, imekazwa upande wa kushoto, nyeusi kwa grisi ya zamani. Akaihesabu kwa ncha ya kijiti. "Kumi na nane."

Tukatazamana. Miaka yote hii baiskeli inafunikwa na kufunuliwa, na hakuna aliyethubutu kuvua kifuko, maana ni yeye aliyekivisha.

"Ya akiba hiyo," Mama akasema haraka. "Hajaitumia. Mwanangu alikuwa anatumia hii nyingine."

Fundi hakuwa na nia ya kubishana na mtu. Alikuwa anasoma chuma tu, kama mimi ninavyosoma nguo kuukuu nikajua mwenyewe alikuwa anaegemea mkono gani. "Hapana, mama. Hii kumi na tano imetumika miaka michache. Hii kumi na nane ndiyo iliyofanya kazi. Angalia meno yalivyolika, yameinama yote." Akapitisha kidole kwenye fremu, pale gurudumu linapokaa. "Na hapa nati imeng'ata mahali pawili. Mwenye baiskeli alikuwa anageuza gurudumu mara kwa mara. Siku hii upande huu, siku ile upande ule."

"Jumamosi jioni," wifi akasema. Alikuwa amesimama wima, hachezeshi hata kidole, na hilo peke yake lilinitisha. "Jumamosi jioni na Jumapili jioni. Nyuma ya jiko. Alikuwa ananiambia anafuta vumbi."

Hapo ndipo na mimi liliponiingia. Jumamosi anaweka ile nzito, ya barabara tambarare, ya Mama kwenye kigoda. Jumapili jioni anarudisha ile nyepesi, ya mlimani, ya kazi. Na ile Jumapili ya mwisho alirudi na homa, hakuirudisha.

Fundi, yeye na kijiti chake, aliendelea kueleza. "Kwa kumi na tano, mguu ukizunguka mara moja, gurudumu limezunguka mara tatu na zaidi. Tambarare utasifiwa. Mlimani kila kanyago ni gunia. Kwa kumi na nane unakanyaga mara nyingi, lakini kidogo kidogo, kwa hiyo mguu unakimbia. Mtu wa gia hii ukimtazama mlimani, miguu huioni. Kama feni."

"Pangaboi," wifi akasema.

"Nani?"

Jina hilo mji mzima uliliita, na sisi wa nyumbani tuliliita kila siku, tusijiulize mtu anazungushaje miguu hivyo mlimani na gia ya kusukumwa kama kabati. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tulikuwa tunaangalia Jumapili tu.

Nilimgeukia Mama. Nilidhani atakasirika, atasema fundi ni mwongo, tuondoke. Alikuwa ameinama juu ya gurudumu, anapapasa yale meno yaliyolika, moja baada ya jingine, vidole vinaingia grisi.

"Kumbe alikuwa anachoka," akasema.

"Mama..." nikaanza.

"Alikuwa anachoka kama watu. Na mimi nilikuwa napita nikimtangaza kuwa hachoki. Angeniambia saa ngapi?" Machozi yakamtoka bila kelele. Wifi akapiga magoti, hilo bovu likiwemo, akamshika mabega. "Ningemkandia miguu," Mama akasema. "Hata siku moja sikumkandia miguu, kwa sababu mwanangu hachoki."

Fundi alitoa kijiti mdomoni, akalilaza gurudumu chini taratibu, kwa hiari yake safari hii, akaenda kusimama barabarani kutazama magari. Muungwana yule, tangu siku hiyo nguo zake nazishona vizuri.

Tulipokuwa tayari Mama alifuta mikono kwenye sketi yake, jambo ambalo angenipigia kelele mimi. Akamwita fundi. Akamtazama wifi, si mimi wala fundi, akasema, "Weka upande aliokuwa anafanyia kazi."

Usidhani mambo yakawa shwari hapo hapo. Daktari alimlaza wifi nyumbani kwanza, mpaka uvimbe upungue, na siku hizo nisingependa zirudi. Kila kabati lilipangwa upya, makasi yangu nikayakuta kwenye sufuria. Mama ndiye aliyemshinda. Kila jioni alileta beseni la maji ya moto na kitambaa, akamwambia, "Lete mguu," na wifi, ambaye hakai, alikaa. Aliogopa kumnyima.

Alipopanda tena, mlima ulikuwa rafiki lakini mteremko ukawa adui. Gia nyepesi ukishuka nayo, gurudumu likikimbia, pedeli zinazunguka haraka kuliko zilivyokuwa zikizunguka na ile nzito. Alirudi siku ya kwanza amekauka mate. "Wifi, miguu imenikimbia! Nilikuwa narukaruka juu ya siti kama mahindi kwenye kikaango! Nimeshika breki ya mbele mpaka mikono imekufa."

"Ulikuwa unashindana nayo?"

"Nilikuwa nasukuma. Si ndivyo nilivyozoea?"

"Njoo hapa." Nikaondoka kwenye kiti changu, nikamkalisha mbele ya cherehani, nikaweka kipande cha pazia chini ya sindano. "Kanyaga." Akakanyaga kama anaua nyoka, uzi ukakatika. Nikautunga. Ukakatika tena. "Khaa! Usisukume, mwanamke wewe! Gurudumu linajua linakokwenda. Mguu ulegee, ulifuate tu. Upesi, lakini mwepesi."

Tulikata uzi mwingi, sindano moja ikaenda. Halafu ghafla akaipata. Mguu wake ukalegea, mdundo ukawa mmoja, pazia likatembea lenyewe chini ya sindano. Alipiga pindo lote, akafika mwisho, akageuza kitambaa akaanza upande wa pili bila kuniuliza. Nilisimama nyuma yake sina pa kukaa. Pindo lenyewe lilikuwa limepinda kama njia ya mlevi, nikalifumua kesho yake asiponiona.

Bado hatulii, msinielewe vibaya. Chai bado anainywa mlangoni. Ila viatu vyangu sasa navikuta nilipoviacha.

Leo jioni nilikuwa nashona sare za shule, Mama yuko uani anachambua mchele. Joto lilikuwa limetukalia wote. Mara nikasikia, kutoka juu kabisa ya kichochoro, mnyororo unakuja. Haukuwa unakuja kwa vipande. Ulikuwa unakuja kwa sauti moja, laini, ya haraka, kama pindo refu. Mguu wangu ukasimama wenyewe juu ya kikanyagio. Nilijua ni nani. Naapa nilijua. Lakini kwa muda ule nilijua pia kuwa ni mtu mwingine.

Uani ungo ulianguka, mchele ukamwagika. Nikachungulia dirishani. Mama, mwenye miguu yake mibovu, alikuwa anakimbia kwenda getini, kanga inamponyoka begani, mikono tayari iko kwenye komeo. Akalivuta geti likafunguka lote.

"Pita, mwanangu, pita!" akapiga kelele. "Usije ukaniangukia!"